Lita 150 za Maji

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Nyumbani kwetu Texas jambo hilo halinishughulishi; nafungua bomba, nachota, nafunga. Asubuhi ya kuhama kambi ni tofauti. Nasimama na mpira mweupe wa maji ya kunywa mkononi, nasikiliza tangi la tela letu likijaa, na kila lita inayoingia naihesabu kama mzigo. Tangi linabeba lita 150, uzito wa watu wazima wawili. Hapa Trailer Village, kwenye ukingo wa kusini wa Grand Canyon, kila kiwanja kina umeme, bomba la maji na tundu la maji taka. Kule tunakokwenda, Goosenecks, katika jimbo la Utah, juu ya genge la mto San Juan, hakuna bomba hata moja. Maji ya kunywa, ya kupikia, ya kuoga na ya kuoshea vyombo lazima tuondoke nayo hapa na kuyavuta kilomita zipatazo 340.

Wenzetu wengi wanaosafiri na nyumba za magurudumu huiona siku ya kuhama kuwa siku iliyopotea, kero iliyo kati ya kambi nzuri na kambi nzuri. Wana hata kanuni ya kuifupisha, wanaiita kanuni ya tatu tatu: usiendeshe zaidi ya maili 300 kwa siku, fika kabla ya saa tisa alasiri, kaa angalau siku tatu. Kanuni ni nzuri na tunaifuata kadiri tuwezavyo. Ila mimi siku hii naipenda kuliko zile za kukaa. Nyumba ya kawaida inakuficha mengi: maji yanatoka wapi, uchafu unakwenda wapi, umeme unapita wapi. Siku ya kuhama yote hayo yanapita mikononi mwetu, mimi na mume wangu, kabla jua halijapanda.

Tunaanza na uchafu. Kazi hii ina utaratibu wake, na ukiuvuruga utajuta. Tela lina matangi mawili ya maji machafu, moja la choo na jingine la sinki na bafu. Unavaa glavu, unafunga bomba kubwa kwenye tundu la kiwanja, unafungulia la choo kwanza, unasubiri limalizike kabisa, ndipo unafungulia la pili ili maji ya sabuni yasafishe bomba. Mume wangu huifanya kazi hii bila kunung'unika na bila kumwachia mtu, nami namheshimu kwa hilo. Mikono hiyohiyo haigusi mpira wa maji ya kunywa. Ule ni wangu, una mfuko wake, na unahifadhiwa upande mwingine wa tela.

Mimi ninapanga ndani. Sahani zinaingia kwenye kabati lenye komeo, birika linalala kwenye sinki na taulo juu yake, mlango wa friji unafungwa kwa pini, valvu za mitungi ya gesi zinafungwa. Vitu vizito nasogeza mbele ya ekseli. Hili ni jambo la usalama. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela inatakiwa ielemee ndoano ya gari linalovuta. Mzigo ukizidi nyuma, tela huanza kuyumba kulia na kushoto barabarani, na myumbo huo ukishika kasi unaweza kulipindua gari zima. Ukitokea, dereva hakanyagi breki ya pikapu kwa pupa. Anaachia mafuta, anashikilia usukani sawasawa, na kwa mkono anaminya kitufe cha breki za tela peke yake, ili tela livutike nyuma na kunyooka.

Kisha kuunganisha. Mume wangu anarudisha pikapu nyuma taratibu hadi kokwa la chuma liwe chini ya kikombe cha tela, mimi naelekeza. Tuna makubaliano yetu: nisipouona uso wake kwenye kioo cha pembeni, basi na yeye hanioni, anasimama. Hatusemi kushoto wala kulia, kwa sababu kushoto kwangu ni kulia kwake tukitazamana. Tunasema upande wa dereva na upande wa abiria. Na neno la kusimamisha ni moja tu, "Simama!", halina mbadala. Kikombe kikiisha kukaa, tunafunga minyororo miwili kwa kuipishanisha chini, ili chuma cha mbele cha tela kikichomoka kidakwe na minyororo kisichimbe lami. Tunafunga na waya mwembamba wa dharura, ambao ukivutwa hadi kuchomoka unazifunga breki za tela zenyewe. Kabari zinatolewa kwenye matairi mwisho kabisa.

Halafu tunabadilishana. Yeye anaingia kukagua kabati zangu, mimi nazunguka nje: nati za magurudumu, upepo wa matairi, minyororo, ngazi, antena. Jicho lililofunga komeo linaamini komeo limefungwa, kwa hiyo linatakiwa jicho jingine. Nasimama nyuma, naye anakanyaga breki na kuwasha indiketa, nami napaza sauti: "Breki! Dereva! Abiria!" Elki wawili, wale wanyama wakubwa jamii ya kulungu, walikuwa wakila majani kando ya kiwanja cha jirani, hata masikio hawakutikisa.

Maji niliyojaza yana safari yake kabla ya kunifikia. Ukingo wa kusini hauna chemchemi ya kuutosha. Maji yanatoka Roaring Springs, chini ya ukingo wa kaskazini, upande wa pili kabisa wa korongo. Bomba lililojengwa miaka ya 1960, lenye urefu wa kilomita 20 hivi, linateremka nayo hadi mto Colorado, linavuka likiwa limefungwa chini ya daraja la waenda kwa miguu, kisha yanasukumwa kwa pampu hadi juu, mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Bomba limechoka na hupasuka mara kwa mara. Mwishoni mwa Agosti 2024 lilipasuka sehemu kadhaa hata hoteli za ukingo wa kusini ndani ya hifadhi zikasitisha kulaza wageni. Nilipokuwa nikijaza tangi nilikuwa nayafahamu hayo, na nilifunga bomba kabla mpira haujamwaga hata kikombe.

Tuliondoka saa mbili na nusu, baridi ya mwisho wa Septemba ikiwa bado kwenye vioo. Barabara ya mashariki inafuata ukingo wa korongo kilomita 40 hadi Desert View, penye mnara wa mawe wenye urefu wa mita 21 uliosanifiwa na Mary Colter na kukamilika mwaka 1932. Tuliegesha kwenye sehemu ya magari marefu, tukaenda kuchungulia. Kutoka sehemu nyingi za ukingo huo mto Colorado hauonekani vizuri, ila Desert View unauona waziwazi ukipinda chini kabisa, wa rangi ya udongo. Ng'ambo, upande wa mashariki, uwanda mpana na mkavu unaenea hadi macho yanakoishia. Ile ni nchi ya Wanavajo, taifa la wenyeji wa asili wa Marekani. Mto unapita kwenye mpaka wao.

Kutoka hapo barabara inashuka karibu mita 1,000 ndani ya kilomita 50 hivi. Mume wangu alianza udereva wa malori katika barabara ya Tanzania na Zambia, na mteremko wa Kitonga, kule Iringa, ndio uliomfunza: gia ambayo ungepandia mlima ndiyo gia ya kushukia. Aliweka gia ndogo tangu juu, injini ikaubeba uzito, breki akazigusa kwa muda mfupi na kuziachia zipoe. Tela lenye mizigo yake linafikia kilo 2,700. Mimi kazi yangu kwenye mteremko ni kutazama kioo cha upande wangu na kunyamaza. Misonobari ikapungua, ikawa vichaka, kisha ikawa ardhi tupu nyekundu yenye nyufa, na upande wa kushoto likaonekana bonde la Little Colorado, mpasuko mweusi kwenye uwanda.

Katikati ya mteremko huo saa ya simu yangu iliruka saa nzima. Arizona haibadilishi saa majira ya kiangazi, lakini Taifa la Wanavajo hubadilisha, kwa kuwa ardhi yao imeingia katika majimbo matatu na wanataka wote wawe na saa moja. Wahopi, ambao ardhi yao imezungukwa pande zote na ya Wanavajo, hawabadilishi. Utah nayo hubadilisha. Ukipanga safari ya hapa na kanuni ya saa tisa alasiri kichwani, toa saa moja tangu mwanzo.

Nchi ya Wanavajo yenyewe ni kubwa. Ina zaidi ya kilomita za mraba 70,000, Rwanda na Burundi zinaingia humo pamoja na nafasi inabaki. Ina rais wake, bunge lake, mahakama na polisi wake. Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwatoa maelfu ya Wanavajo katika ardhi hii, likawatembeza kwa miguu zaidi ya kilomita 400 hadi Bosque Redondo, New Mexico. Wengi walikufa njiani, na wengi zaidi wakafia kule kambini kwa njaa, magonjwa na maji mabaya. Mkataba wa mwaka 1868 ndio uliowarudisha. Sisi tunahama kwa hiari, tukiwa na friji na godoro, tukijua tutalala wapi. Sikuweza kupita hapo bila kuwafikiria waliohamishwa.

Pale Cameron, karibu na daraja la chuma la mwaka 1911, tulisimama kujaza mafuta. Kwenye pampu ya jirani kulikuwa na pikapu nyeupe imebeba tangi la plastiki ndani ya fremu ya chuma, yale matangi ya mraba ya lita elfu moja. Mama mmoja, umri wangu hivi, alikuwa akikaza kamba. Tukasalimiana. Aliuliza tela letu linabeba maji kiasi gani, nikamwambia. Akauliza tunakwenda wapi.

"Goosenecks? Kule hakuna maji."

"Ndiyo, ndiyo maana tumejaza."

Alitikisa kichwa kukubali, kama fundi anayeona kazi imefanywa sawa. Akanieleza kwamba hubeba maji ya nyumbani na ya kondoo, na kwamba barabara ya kufika kwake ikilowa kwa mvua hasogei hadi ikauke. Sikuthubutu kumwambia kwamba kwetu sisi kubeba maji ni mapumziko. Nilimtakia safari njema, naye akatutakia tusikutane na upepo kule juu.

Baada ya hapo nilianza kuyaona matangi kila mahali: juu ya pikapu, juu ya matela madogo, kando ya nyumba zilizotawanyika mbali na barabara. Kaya nyingi za Wanavajo hazina maji ya bomba mpaka leo, ndani ya taifa tajiri kuliko yote duniani. Taifa lao lilikwenda mahakamani kudai serikali ya Marekani iwajibike kuhakikisha wanapata maji, kwa sababu mkataba wa 1868 uliwapa ardhi hii iwe makazi yao ya kudumu, na makazi bila maji si makazi. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, iliamua kwamba mkataba hauilazimishi serikali kuchukua hatua za kuwapatia maji hayo. Niliyesimama Desert View asubuhi ile na kuuona mto wa Colorado ukipita mpakani mwao, nauona uamuzi ule kuwa dhuluma, hata kama una hoja za kisheria.

Na maji ya chini ya ardhi yao yalipata matumizi mengine. Ukishapita Tuba City, barabara namba 160 inafuata upande wa kaskazini wa Black Mesa, mlima mrefu wenye kichwa bapa. Kwa miaka mingi makaa ya mawe yalichimbwa juu yake, yakasagwa, yakachanganywa na maji ya visima vya hapohapo, yakasukumwa kama uji ndani ya bomba kilomita zipatazo 440 hadi kituo cha umeme kusini mwa Nevada. Kazi hiyo ilikoma mwishoni mwa mwaka 2005. Maji safi ya kunywa yalikuwa yakisafirisha makaa, na watu wa juu yake walikuwa wakibeba maji kwa pikapu.

Tulikula chakula cha mchana Tonalea, kwenye kivuli cha tela, mbele ya nguzo mbili za mawe ya mchanga ambazo watu wa huku wamezipa jina la Miguu ya Tembo. Kwa kweli zinafanana, hadi makunyanzi ya ngozi. Wali wa jana, maharage ya nazi, chungwa. Mume wangu alipapasa vikombe vya magurudumu kwa kiganja, kimoja kimoja, kusikia kama kuna kinachochemka kuliko wenzake. Bearingi inayokufa hujulikana kwa joto kabla ya kelele. Zote zilikuwa na uvuguvugu mmoja.

Kayenta tuliipita bila kusimama. Kuanzia hapo ni barabara namba 163, na Monument Valley nitaisema kwa ufupi, maana picha zake zimeenea mno: minara ya mawe mekundu imesimama peke yake kwenye tambarare, na Wanavajo wenyewe ndio wanaoiendesha hifadhi hiyo tangu mwaka 1958. Kinachomhusu mwenye tela kipo kilomita ishirini na kitu mbele, upande wa Utah. Kuna mteremko mrefu ulionyooka ambapo filamu ya Forrest Gump, ya mwaka 1994, ilimwonyesha mtu akiacha kukimbia, na tangu hapo wageni husimama katikati ya lami kupigwa picha wakiyapa mgongo magari. Mume wangu alipunguza mwendo nusu kilomita kabla, akawasha taa za tahadhari. Vijana watatu walijitoa barabarani taratibu. Hawakujua kwamba gari lenye zaidi ya tani mbili na nusu nyuma yake halisimami upesi.

Mexican Hat ni kijiji kidogo kwenye daraja la mto San Juan. Tukavuka, tukapita lile jiwe bapa lililoegemea juu ya jingine lililokipa kijiji jina, tukakata kushoto kuingia barabara namba 261. Kuanzia hapo nilizima ramani ya simu. Ukiiachia ikuongoze kuelekea kaskazini, barabara hiyohiyo itakufikisha Moki Dugway, njia ya vumbi iliyochongwa kwenye uso wa genge miaka ya 1950 kwa ajili ya malori ya madini ya urani, yenye kona za kujikunja na mwinamo wa asilimia 11. Kuna mabango makubwa ya kuwaonya wenye matela. Sisi tulikunja kushoto mapema, barabara ya Goosenecks, kilomita sita hivi za uwanda mtupu usio na mti hata mmoja, na mwisho wake ardhi inakatika.

Chini, mita 300, mto San Juan unajikunja kiasi kwamba maji yanasafiri kilomita kama 10 ili kusonga mbele kilomita mbili na nusu tu. Tuliutazama kwa muda mfupi, kwa sababu ilikuwa inakaribia saa kumi na upepo alioutaja yule mama ulikuwa umeshatutangulia. Tela ni ukuta mkubwa mwepesi, haliegeshwi ubavu kwenye upepo. Tulizunguka kambi mara moja kwa miguu, tukapata mahali pa changarawe ngumu, mbali na ukingo kwa kadiri ya kutosha, ambapo pua ya tela ingetazama magharibi na mlango ungekuwa upande uliokingwa. Nikaingia kwenye kioo chake, nikainua mikono. "Upande wa dereva. Kidogo tena. Simama!"

Pima maji iliyobandikwa ubavuni ilionyesha gurudumu la abiria liko chini. Tukaweka ubao, tukasogea juu yake, kiputo kikakaa katikati. Kabari kwanza, jeki za pembeni baadaye. Usawa huu si wa starehe tu. Friji yetu inatumia gesi, na friji za aina hiyo zikikaa kwa mwinamo muda mrefu huharibika. Nikafungua mitungi, nikawasha pampu ndogo ya maji, bomba la jikoni likakohoa hewa, kisha likatoa maji ya Roaring Springs.

Nikaandika hesabu kwenye karatasi iliyo mlangoni mwa friji. Kunywa na kupika, lita 12 kwa siku. Vyombo, lita 8. Kuoga, kwa dumu la kuminya, lita 14 kwa wote wawili. Na kila lita inayotumika inaingia tangi la chini, haimwagwi ardhini, kwa hiyo ni mzigo uleule tutakaoondoka nao umebadilika jina. Tulikuwa tukinywa chai gari kubwa la kukodi lilipoingia, mume na mke vijana na mtoto wa miaka miwili hivi. Baada ya muda kijana akaja, amevua kofia, akauliza bomba la kambi liko wapi. Walikuwa wameambiwa kambi zote zina maji. Tangi lao lilikuwa na kiasi cha kusukuma choo tu.

Mume wangu alinitazama. Maji ni idara yangu.

"Wapatie dumu mbili, Baba," nikasema. "Zile za lita ishirini. Na umwambie asubuhi arudi Mexican Hat, kuna vituo vya mafuta na duka, asiende njia ya juu."

Nilizijaza mwenyewe kwa mpira mweupe, mume wangu akabeba moja, kijana akabeba nyingine, wakainamia upepo. Nikafuta mstari wa kuoga, nikaandika lita 5, kwa kitambaa na kopo, nikapiga hesabu upya.